Pete ya Mlango wa Upande

Pale Marshalltown, katikati ya jiji, kwenye kona ninayopita kila asubuhi nikienda kazini, kuna baba mmoja anayepiga watu viatu rangi. Nikimkaribia hubana pua. Anadhani nina maringo. Juzi akanitania, "Dada, kwani mimi nanuka?" Nikamjibu kwamba rangi yake inanukia, na hilo ndilo tatizo lenyewe, kisha nikakaza mwendo kabla machozi hayajaniumbua mbele ya watu. Ile harufu ya rangi nyeusi iliyosuguliwa kwa soksi kuukuu ndiyo harufu ya Papa akijiandaa kwenda kazini.

Papa alikuwa mlinzi wa geti kwenye jengo moja la ofisi. Kule kwetu Uvira alikuwa mwalimu wa Kiingereza na historia, na hakuwahi kunung'unika kwamba amekuwa bawabu. Alinung'unikia pap, yaani ugali wa huku, kwamba ni laini mno, haina msimamo. Tuliishi watatu kwenye chumba kimoja mtaa wa Jeppe, katika jengo ambalo zamani lilikuwa karakana, na nyie mliokulia kwenye majengo yale mnajua: kuta zilikuwa mbao nyembamba, jirani akipiga chafya unamwambia pole. Kila alasiri Papa alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kiatu kimoja mkononi, akanisimulia mambo ya Uingereza ya kale. Baba za wenzangu waliwasimulia habari za sungura na fisi. Wangu alinisimulia Wanormani.

Nilijua jinsi walivyovuka bahari na farasi wao ndani ya majahazi, na jinsi mfalme wa Waingereza alivyoanguka vitani siku moja tu, ufalme mzima ukaenda naye. Nilijua kwamba baada ya hapo wakubwa wote wakawa wanaongea Kifaransa. Hapo Papa alicheka mpaka brashi ikamponyoka. "Unaona, kamama? Hata Waingereza wenyewe walitawaliwa kwa Kifaransa kama sisi!" Nilijua tauni iliyofagia vijiji vizima, hata wakulima waliobaki wakaanza kuwadengulia mabwana wao. Nilijua vitabu vilivyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama, na mtawa mwenye vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi.

Sehemu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya lugha. Kiingereza, alisema, kilifukuzwa mezani kwa wakubwa, kikaenda kukaa jikoni na zizini, na kikanenepea huko huko. Baada ya miaka mamia kikarudi, na watunzi wakaanza kukiandikia mashairi bila aibu. "Sasa wewe," akaniambia, akininyooshea brashi, "mbona unaona aibu ya Kiswahili?" Kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Akiniuliza kwa Kiswahili, nilimjibu kwa Kiingereza cha shuleni, au kwa Kizulu cha uwanjani nikitaka kumuudhi. Shuleni ukifungua mdomo kwa Kiswahili unaitwa mgeni, na kuitwa mgeni mtaani kwetu halikuwa jambo la mzaha. Papa hakunikaripia. Alitikisa kichwa tu, akatemea kiatu mate kidogo, akaendelea kusugua.

Halafu ikaja ile wiki. Sina haja ya kuwaeleza ni ipi, wenzangu mnaikumbuka. Maduka ya spaza, yale madogo ya mtaani, yalivunjwa, magari yakachomwa, na watu wakapita mitaani wakiimba kwamba wageni waondoke. Mama alifunga virago vyetu kwenye kitenge, tukaenda kulala kanisani pamoja na wanawake na watoto wengine. Kanisa letu lilikuwa gereji iliyoacha kunyoosha mabati ya magari. Mbele lilikuwa na lango la kukunja, na ubavuni mlango mdogo wa chuma wenye pete nene, kubwa kama sahani, ambayo mafundi wa zamani walifungia mnyororo wa kuinulia injini. Wanaume waliendelea kwenda kazini, maana mlinzi asipotokea siku mbili kazi imekwenda.

Siku moja mchana, kabla hajaondoka, Papa alituona sisi watoto tumejibanza nyuma ya ngoma. Akaketi sakafuni katikati yetu. "Mnaiona ile pete pale mlangoni?" akauliza. Tukaitazama. Akatuambia kwamba Uingereza ya kale, mtu akifukuzwa na watu wanaotaka kumwua, alikimbilia kanisani. Akishaishika pete ya mlango, basi. Hakuna wa kumgusa, awe askari, awe mfalme mwenyewe.

"Anakaa humo milele?" nikauliza.

"Anakaa siku arobaini. Watu wa mtaa wanamletea chakula. Nje kunakuwa na walinzi, wanamvizia asitoroke."

"Halafu?"

"Halafu anachagua. Aende akahukumiwe, au aape kuiacha nchi. Akiapa, anapewa msalaba wa mbao aubebe mkononi, na miguu mitupu anafuata barabara kuu mpaka baharini. Haruhusiwi kuiacha barabara hata hatua moja. Akikosa meli, kila siku anaingia majini mpaka magotini, kuonyesha kwamba kweli anataka kuondoka."

Mtoto mmoja akauliza huku kwetu barabara ya kwenda baharini ni ipi. Papa akasema ni ile kubwa ya Durban. Nikauliza kama mtu huyo anaweza kurudi, akasema mfalme akipenda humsamehe. Kisha nikauliza lile swali. Nakumbuka nililiuliza kwa Kiingereza, mbele ya wote: je, hiyo sheria bado ipo?

Papa alitutazama mmoja mmoja. Alimtazama na Mama, aliyekuwa amesimama na ufagio akisikiliza. Akatabasamu.

"Ipo," akasema.

Sijawahi kumlaumu kwa neno hilo. Nimekuwa mtu mzima, nimejaribu kufikiria mimi ningewajibu nini watoto wale, na sijapata jibu lingine.

Kesho yake alasiri nilikuwa nachungulia kwenye tundu la bati karibu na mlango wa upande. Siku hiyo Papa alikuwa amebadilishiwa zamu, akaingia asubuhi, nami nilijua anarudi saa hizo. Nikamwona anatokea kwenye robot, zile taa za barabarani za kona. Hakuwa anakimbia. Alitembea kama mlevi, na Papa hakuwa mnywaji. Shati lake la kazi lilikuwa limelowa damu kuanzia shingoni, na nyuma yake, mbali kidogo, vijana walikuwa wamesimama na fimbo wakimtazama. Akavuka barabara. Akaanguka, akainuka. Akanyoosha mkono, na vidole vyake vikaingia ndani ya pete.

"Kashika!" nikapiga kelele. "Papa kashika!"

Nikapiga makofi. Wenzangu walioisikia ile hadithi nao wakapiga makofi, wakarukaruka. Mama akafungua mlango, wakamvuta ndani, na kabla sijamfikia, Tantine Furaha, shoga yake Mama aliyekuwa akisuka nywele pale mtaani, akanifunika uso kwa kitenge chake na kunibeba nje kwa lango la mbele. Nilisikia wanawake wakilia. Nikadhani ni kilio cha mtu aliyeponea chupuchupu, kile watu wanacholia hatari ikishapita. Ndani ya kitenge cha Tantine nilikuwa natabasamu.

Kwetu mtoto mdogo haambiwi kifo kwa mdomo. Anapelekwa kwa watu, analishwa vizuri kuliko kawaida, anaachwa aelewe mwenyewe polepole. Mimi nilikuwa nimeshaelewa, ila nilielewa kitu kingine. Tantine alinikalisha kwake, mtaa wa Bertrams, akaninunulia biskuti, akaniacha nitazame televisheni mpaka macho yakaniwasha. Nikisema Papa, anageuka kutafuta kitu jikoni. Jioni moja nikamsikia anaongea na simu: "Hapana, hawezi kutoka bado. Mpaka arobaini ifike. Arobaini ikifika ndiyo watamtoa." Alikuwa anasema habari za Mama na nguo zake nyeusi za matanga. Mimi nilijua anayetolewa ni nani. Wamempa siku zake, nikawaza, ile sheria kweli ipo. Usingizi wangu wa siku hiyo ulikuwa mtamu, Mungu anisamehe.

Waliponirudisha Jeppe, mtaa ulikuwa umetulia. Nilimkuta Mama kwenye godoro chini, amenyolewa, amevaa nyeusi tupu, amekonda kama kamba. Akina mama wa kanisa walimletea wali, walimletea samaki, wakambembeleza kama mtoto. Aliweka tonge mdomoni, likakaa humo, akalitoa. "Huyu atamfuata mumewe," mmoja akanong'ona, na mimi nikafurahi moyoni, nikidhani Mama ataruhusiwa kwenda naye Durban. Kila alasiri Mama alijikokota kwenda kufagia kanisa. Hiyo ilikuwa huduma yake tangu zamani, na sasa alijifungia humo peke yake mpaka jioni. Nilimwonea wivu. Niliona wazi kwamba ni yeye tu anayeruhusiwa kumwona.

Basi nami nikashika zamu yangu. Si watu wa mtaa ndio wanaotakiwa kumlisha? Nikachukua bakuli la Papa la bati, lenye ua jekundu, nikatia nusu ya chakula changu, nikalifunika kwa sahani. Baada ya shule nikapita kwenye mlango wa upande, nikaliweka kwenye kizingiti, chini ya pete. Walinzi wanaomvizia nilikuwa na uhakika wapo, ni vijana wale waliokaa kwenye ukuta wa ng'ambo wakivuta sigara. Kwa hiyo niliinama kama nafunga kamba ya kiatu, nikaongea kupitia ufa wa mlango kwa lugha ambayo wao hawakuijua.

"Papa, kula," nikasema kwa Kiswahili. "Shika vizuri. Usiachie."

Siku iliyofuata nilikuta bakuli limeoshwa, limepinduliwa kwenye kizingiti. Jamani, furaha niliyoipata! Nikaanza kumsumbua Tantine, aliyekuwa akija kutupikia, apike sombe, yale majani ya muhogo, kwa sababu Papa aliipenda sombe, na yeye akapika bila kuuliza, akidhani ni mimi ninayeitamani. Bakuli lilirudi safi kila mara. Siku moja ndani yake mlikuwa na chungwa. Nililila na maganda yake karibu yote. Nikawa nakaa pale mlangoni zaidi, namweleza mambo ya shule, namweleza kwamba Mama bado amekonda lakini jana nimemwona anachana kitambaa cha kushona. Sijawahi kuongea Kiswahili kingi namna ile. Nikikosa neno nilizunguka zunguka mpaka nilipate. Hakunijibu hata siku moja, na sikumlaumu, maana walinzi walikuwa pale pale ukutani.

Arobaini ikafika Jumamosi. Watu walijaa kanisani tangu asubuhi, sufuria zikawa mekoni, Mama akavuliwa nyeusi na kuvishwa kitenge kipya. Nilikuwa najipenyeza katikati ya watu wazima, namtafuta Papa, nikijiuliza wamemficha chumba gani. Ndipo Shemasi Bahati, seremala wa kanisa, akaingia na msalaba wa mbao begani. Ulikuwa umepakwa rangi nyeupe, na juu yake kwa rangi nyeusi kulikuwa na jina zima la Papa.

Kwa hiyo hakusamehewa. Ameapa kuondoka.

Nilikimbia nyumbani nikilia. Chini ya kitanda kulikuwa na viatu vyake vya kazi. Mtu alikuwa amevifuta lakini havikuwa na mng'ao, na Papa hakwenda popote na viatu vilivyofifia. Nikakaa kwenye ile ndoo yake, nikachukua soksi na kopo la rangi, nikasugua, nikatemea mate kama yeye, nikasugua tena. Nikavitia kwenye mfuko wa plastiki wa spaza, nikarudi mbio. Magari yalikuwa yameshawashwa. Shemasi alikuwa anaupakia msalaba kwenye bakkie, ile gari yake yenye mgongo wazi.

"Shemasi, usimbebee!" nikamwambia, nikimvuta shati. "Lazima aubebe mwenyewe. Asipoushika watamkamata njiani."

"Nani, mwanangu?"

"Papa." Nikafungua mfuko. "Nimemletea na viatu. Najua wanataka miguu mitupu, lakini lami itamuunguza. Durban ni mbali."

Tantine Furaha alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na nguo yake nzuri. Mama ndiye aliyekuja. Akanishika mkono, tukazunguka mpaka mlango wa upande, akavuta pete, tukaingia ndani, akafunga nyuma yetu.

Nilitazama kila mahali. Viti vya plastiki, ngoma, ufagio, sufuria za watu. Nilichungulia hata nyuma ya ngoma. Kwenye sakafu, karibu kabisa na ule ufa wa mlango, kulikuwa na kipande cha mkeka, na juu yake kijiko.

"Papa yako alikufa siku ile ile, mwanangu," Mama akasema. Alipiga magoti ili nyuso zetu zilingane. "Hapa hapa. Gari la wagonjwa lilikuwa halijafika. Tumemzika, leo tunampelekea msalaba wake."

"Lakini alishika," nikasema.

"Alishika."

"Nilimwona, Mama. Alishika pete."

"Ndiyo, alishika, mwanangu. Nami nilimwona."

Alirudia hivyo mpaka nilipoacha kusema. Sikulia mara moja. Nilikuwa nakitazama kile kijiko, na kitu kimoja hakikuniingia akilini.

"Sasa ni nani alikuwa anakula?"

Mama aliinamisha kichwa chake kilichonyolewa. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi kama za mtoto mchanga. "Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa hapa chini, nimechoka hata kufagia," akasema. "Nikasikia mtu anaongea mlangoni. Anasema, Papa, kula. Nikafungua ulipoondoka, nikaona bakuli lake." Akakiokota kile kijiko. "Chakula cha nyumbani kilikuwa hakipiti. Hicho kikapita. Kila siku nilikaa hapa nikikungoja. Wewe unamwambia ale, na mimi nakula."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ukishajua, utaacha kuleta."

Ndipo nikalia. Tulilia wote wawili, sauti zikatoka nje mpaka kwenye magari, na hakuna aliyethubutu kugonga. Katikati ya kilio Mama akacheka kidogo, kwikwi moja tu, akanifuta kamasi kwa kitenge chake kipya. "Na Kiswahili chote kile," akasema. "Papa yako amekubembeleza miaka yote. Angekusikia angepigia watu simu mpaka Uvira."

Makaburini jua lilikuwa kali. Pale alipolala palikuwa na kibati chenye namba tu, na Shemasi akasimamisha msalaba. Nikaweka viatu mbele yake, nikavipanga sawasawa, visigino pamoja. Mtu mmoja akamnong'oneza Mama kwamba tukiviacha vitaibiwa kabla hatujafika getini.

"Wavichukue," Mama akasema. "Atakayevivaa, afike salama anakokwenda."

Katika kuondoka niligeuka mara nyingi. Viling'aa kwa mbali, na nakiri nilijivunia, kwa sababu mng'ao ule ulikuwa kazi ya mikono yangu.

Jumatatu nilirudi shuleni. Mwalimu aliuliza kitu, sikusikia. Kengele ya kutoka ilipolia, nilipita nyumbani kwanza, nikachukua bakuli la bati lenye ua jekundu, nikatia sombe iliyobaki na kipande cha ugali. Nikalifunika kwa sahani. Vijana walikuwa ukutani kama kawaida, na safari hii sikuinama wala sikujifanya nafunga kiatu. Nilisimama mbele ya mlango wa upande, nikainua pete kwa mkono mmoja, nikagonga nayo.

"Mama," nikasema, kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima, "kula."